Askari Aliyerudi Bondeni

Bonde la Kilombero lilimjua askari kwanza kama mtu wa kuchukua. Wazee wa Ifakara na Mahenge walirithi kwa wazazi wao habari za mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipotoka Umatumbi na kuenea hadi Ulanga. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani pale Mahenge, wakiamini risasi zitageuka maji. Bombom za boma ziliwafyeka mchana kweupe. Lakini kilichoua watu wengi zaidi kilikuja baada ya mapigano: vijiji vilichomwa, nafaka ikatekwa au kuteketezwa, na njaa ikaachiwa imalize kazi. Waliotumwa kuchoma na kuteka walikuwa, kwa sehemu kubwa, askari Waafrika waliokusanywa mbali, wengine Sudani, wengine Unyamwezi na Manyema, watu wasio na ndugu wala shamba katika bonde hili.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mahenge ikawa ngome ya Wajerumani mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Oktoba 1917. Kila jeshi lililopita lilitaka vitu viwili, chakula na mabega ya kubebea mizigo. Bonde lenye mpunga haliwezi kujificha kwa jeshi lenye njaa.

Naanza mbali hivi kwa sababu baba yangu mkubwa, ninayemkumbuka hapa, alikuwa askari wa kazi, si wa msimu. Ujana wake wote aliutumikia katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na uzee wake akauishi katika mashamba ya mpunga nje kidogo ya mji wa Ifakara. Bibi yake, aliyekuwa mtoto wakati wa vita vya Wajerumani, alikuwa akiingia ndani kila alipoona kofia ya mtu wa serikali ikikata kona ya njia. Siku mjukuu alipomuaga kwamba anakwenda jeshini, bibi hakusema kitu. Alivuta ungo wake akaendelea kupepeta, na kijana akasimama pale mlangoni mpaka mchele ukaisha. Kwa bibi yule, mtoto wa nyumba yake alikuwa anakwenda kujiunga na wale wale.

Hawakuwa wale wale tena. Kati ya askari wa bibi na askari wa mjukuu, nchi nzima ilikuwa imebadilika, na maisha ya mtu mmoja yanayaonyesha mabadiliko hayo kuliko kitabu chochote. Jenerali David Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa kupigana Madagaska. Mtu huyo aliyeanza kazi chini ya mfalme wa Uingereza aliimaliza mwaka 1988 akiwa Mkuu wa Majeshi ya nchi huru, na alipofariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, taifa lilimzika kama mzee wake. Katikati ya safari hiyo kuna Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi na Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi alilorithi kwa wakoloni. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa jeshi jipya, na vijana wake wakatafutwa miongoni mwa Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kijana alipaswa kuwa raia mwema kabla ya kupewa bunduki. Wengine huliona wazo hilo kuwa la siasa tu. Mimi naliona lilivyomgeuza mtu mmoja niliyekula naye sahani moja.

Baba mkubwa alipita JKT kwanza, kama wengi wa kizazi chake, ndipo akaandikishwa jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alioa kati ya uhamisho mmoja na mwingine. Mama mkubwa alikwenda naye kambini kwa muda, akaona maisha ya kota, chumba kimoja na jiko la foleni, akarudi Ifakara. Shamba la bondeni haliendeshwi kwa barua. Wakakubaliana hivyo wao wawili, na makubaliano yale yaliendesha nyumba kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mshahara ulikuja kwa manioda. Mama mkubwa alikuwa akienda posta kwa baiskeli, mtoto mgongoni, anasaini, anahesabu pesa mbele ya karani bila haraka, halafu anapita dukani kuulizia bei ya bati. Nyumba waliyokaa mpaka mwisho iliezekwa na manioda hizo, bati mbili mwezi huu, tatu mwezi ujao, zikisubiri chini ya kitanda mpaka zitoshe upande mmoja wa paa. Mafundi walicheka kwamba bati za nyumba ile hazifanani rangi. Kila bati lilikuwa na mwezi wake.

Likizo ilimleta mwenyewe. Zamani alikuwa akitegemea malori ya barabara ya Mikumi na Kidatu, ambayo masika ikianza yalizama kwenye tope hadi ekseli. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976, ilikuwa kama serikali imeijenga kwa ajili yake. Watoto walisubiri stesheni ya Ifakara wakiwa wameogeshwa. Alishuka na sanduku la bati la kijani lenye namba yake ya jeshi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na ndani yake, kabla ya nguo zake, kulikuwa na sabuni, madaftari, kanga moja na kaptula za shule. Siku ya pili alfajiri alikuwa shambani na jembe.

Halafu ikafika Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaiteka sehemu yote ya kaskazini ya Mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba yakalilipua daraja la Kyaka. Mwalimu akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Maneno hayo kila Mtanzania wa umri wangu anayajua. Baba mkubwa aliyasikia akiwa tayari anafunga mizigo.

Kuhusu vita alisema machache. Habari aliyoirudia ni ya Lukaya, Machi 1979, barabara ya kwenda Kampala inapopita katikati ya madimbwi na mafunjo. Huko ndiko majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya yalikowakabili wetu tarehe 10 na 11, na huko ndiko vita vilikogeukia upande wetu. Wenzake wengi, vijana wa Singida na Dodoma, waliogopa lile bwawa kuliko risasi. Hawakuwa wamewahi kukanyaga ardhi isiyo na mwisho wa chini. Yeye aliwaonyesha jinsi ya kupita: usiinue mguu juu, uburuze, ushike mafunjo kwa mashina yake, bunduki iwe begani. Alikuwa amejifunza hayo akiwa na umri wa miaka minane, akimfuata baba yake kutega kambale. Alisema hivyo kwa fahari, na hiyo ndiyo fahari pekee ya vita niliyowahi kuiona usoni mwake. Waliobaki kule hakuwataja kwa urahisi. Ukitaja Kaboya, makaburi ya mashujaa kule Muleba, alinyamaza, na ulijua kuna majina anayapitia mmoja mmoja.

Kampala ilipochukuliwa, tarehe 11 Aprili 1979, mama mkubwa alikuwa juu ya dungu anaamia ndege. Aprili bondeni mpunga unabeba, na kweleakwelea wakishuka mara moja tu wanamaliza jaruba zima. Alikuwa na redio, ila betri alizihifadhi kwa taarifa ya habari. Kati ya taarifa moja na nyingine alizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Jirani alikuja akikimbia juu ya kingo kumpa habari ya ushindi. Alishukuru, akarusha jiwe la teo upande wa mashariki ambako ndege walikuwa wameanza kutua. Hakuwa amesikia bado kama mumewe yu hai, na mpunga haukuwa umesikia kwamba vita imekwisha.

Baba mkubwa aliporudi, mtoto wao wa tatu alikuwa anatembea na kusema. Mtaani watu walikuwa wakimwita mzee huyu Afande hata akiwa hayupo: nyumba ya Afande, shamba la Afande, baiskeli ya Afande. Mama akamsukuma mtoto mbele taratibu.

“Mwamkie baba.”

“Shikamoo, Afande.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akachuchumaa ili macho yao yalingane.

Alinisimulia kisa hicho nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Alisema kwamba alikuwa ameshajua vita imeligharimu taifa nini, maana redio ilitangaza na Mwalimu mwenyewe akaomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Lakini siku ile, uani kwake, ndipo alipojua vita imemgharimu yeye nini. Hakuna bajeti iliyoandika deni hilo. Alianza kulilipa siku hiyohiyo na hakuacha.

Hapa niseme wazi ninavyoamini. Tumezoea kumpima baba wa familia kwa kuwepo kwake: anakula nyumbani, anaonekana kwenye kikao cha shule, anakaa barazani jioni. Kipimo hicho kikitumika kwa askari, wote wameshindwa. Uhamisho haumuulizi mtu mkewe amejifungua lini. Mimi humpima kwa mambo mawili: alipokuwa mbali aliufanyia nini umbali wenyewe, na alipopewa siku zake aliwapa nani. Nimeona walioutumia umbali kuwa mlango wa kutokea, wakawa na nyumba ya pili na ya tatu huku manioda zikipungua mpaka zikakatika. Nimeona pia waliostaafu wakaja kukaa kwenye nyumba zao kama wageni wanaodai heshima. Baba mkubwa alikuwa na nafasi zote hizo, na alizikataa kila mwezi, kwa miaka, bila mtu wa kumpigia saluti kwa kuzikataa.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mkali. Yeye na mtoto wake wa kwanza, aliyekua akimwona kwa likizo tu, hawakuelewana mpaka ukubwani, na ilibidi wazee wa ukoo wakae kati yao. Hakuwahi kukaa na mlango nyuma ya mgongo wake. Usiku mwingine alipiga kelele usingizini, na mama mkubwa alikuwa na namna yake ya kumrudisha: hakumgusa, alimsemesha kwa sauti ya kawaida, akimtajia vitu vya shamba, kwamba jaruba la chini limejaa maji, kwamba mpunga wa jirani umeanza kuchanua, mpaka pumzi yake ikatulia. Hakuna chuo kilichomfundisha mama yule hilo.

Alistaafu katika miaka ya 1990. Kiinua mgongo kiliponunulia wenzake baa na mabasi madogo, yeye alilipa madeni ya shamba, akakodi trekta, akapanda mpunga katika eneo ambalo mkewe alikuwa akililima kwa jembe peke yake. Na hapo ndipo sisi watoto wa ukoo tulipomfahamu. Wakati wa kulala dungu, nguruwe na viboko wanapotoka usiku kula, alipanga malindo kama kambini: la kwanza hadi saa tano, la pili hadi saa nane, la tatu hadi kunapopambazuka. La tatu lilikuwa lake siku zote, maana ndilo lenye baridi na ndilo usingizi unapomshinda kijana. Mtu wa lindo hakuruhusiwa kupiga kelele kabla hajaona. Na alikuwa na jinsi ya kuamsha ambayo hadi leo natumia kwa wanangu: haiti jina, haguti, anabonyeza kidogo unyayo wako na kusubiri. Unaamka bila kuogopa.

Jumapili jioni alipiga pasi nguo za shule za wajukuu wote waliokaa kwake. Pasi ya mkaa, blanketi kuukuu juu ya meza, kikombe cha maji cha kunyunyizia. Alianza na kola, akaja mikono, akamalizia mgongo. Sketi yenye marinda aliipiga rinda moja moja, akilishika kwa vidole vya mkono wa kushoto ambavyo kimoja hakikunyooka tangu vita. Watoto wale walikwenda shule peku mara nyingine, lakini hawakuwahi kwenda na nguo yenye makunyanzi. Mabinti wa jirani walileta zao pia, naye alizipokea.

Mwaka 2018 lilipofunguliwa daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, alitaka apelekwe alione. Kabla ya hapo kwenda Ulanga ni pantoni au mtumbwi, na mto ule umechukua watu wengi. Alitembea juu yake polepole, akashika kingo za chuma, akainama kutazama nguzo. Alisimulia Kyaka: jinsi upande wa pili wa mto ulivyokuwa umebaki na watu wetu waliotekwa, na wahandisi wa jeshi walivyoweka daraja la muda ili majeshi yavuke. Mtu aliyeona daraja likiwa limelala majini halitazami daraja jipya kama tunavyolitazama sisi. Akasema, “Hili sasa, mama mjamzito wa Lupiro atafika hospitali usiku.” Hospitali hiyo, ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ndiko watoto wake walikozaliwa, wawili kati yao yeye akiwa kambini.

Alikuwa akifurahi pia kupita Chita, njia ya Mlimba, ambako JKT wana kikosi na mashamba yao ya mpunga. Vijana wa kombati wanalima bonde lilelile ambalo jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka yake kwa nguvu. Hakuna mnara unaoeleza jambo hilo, na sidhani vijana wale wanaambiwa. Wangeambiwa. Bibi yake angeliona hilo, nadhani angelitoka nje ya nyumba.

Desemba 2017, askari wetu 14 wa kulinda amani walipouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, tulikuwa tumekaa naye uani tukisikiliza. Sisi vijana tulijaa hasira, tukataka kujua ni waasi gani na silaha gani. Yeye aliuliza kama marehemu wana watoto wadogo. Halafu akauliza nani amekwenda kuwaambia wake zao, na kama aliyekwenda alikaa au alisimama tu mlangoni akaondoka.

Baba mkubwa alipofariki, jeshi lilimzika kwa heshima, na nawashukuru waliokuja. Nidhamu yao ilituinua siku tuliyokuwa chini. Ofisa kijana alisoma wasifu wa marehemu: namba yake, tarehe ya kuandikishwa, kozi alizosoma, vituo alivyotumikia, vyeo alivyopanda, nishani. Kila mstari ulikuwa kweli. Mwishoni ukaja mstari mmoja, kwamba ameacha mjane, watoto na wajukuu. Nikamtazama mama mkubwa, ameketi kwenye mkeka amezungukwa na wanawake wenzake wa shamba. Mstari ule mmoja ulikuwa na bati za chini ya kitanda, betri za juani, mavuno yote ya masika aliyoyaokoa peke yake, na usiku wote aliomrudisha mumewe kutoka Lukaya kwa kumsimulia habari za mpunga. Utumishi wake haukuwa na tarehe ya kuandikishwa wala ya kustaafu.

Naona wasifu wa namna ile una upungufu, na unaweza kurekebishwa bila gharama. Jeshi linalojiita la wananchi linajua kwamba askari hakusimama peke yake. Basi siku ya kumzika, aliyeshika nyumba atajwe kwa kazi aliyoifanya, si kwa ujane wake. Na sisi wa ukoo tusiwaachie maofisa kazi hiyo. Wao wanajua vituo vya askari. Kilichotokea nyumbani tunakijua sisi.

Aliyekuwa na umri wa miaka 18 vita vya Kagera vilipoanza, mwaka 2025 alitimiza 65, na hao ndio wadogo kabisa miongoni mwa waliopigana. Kama kwenu Ifakara, Mlimba, Malinyi au Mahenge yupo mzee aliyekwenda vitani, muulize sasa, na mkewe muulize kwanza. Andikeni majina ya vikosi, ya vijiji walivyopita, ya wenzao waliozikwa njiani, na ya watoto waliozaliwa baba akiwa mbali.